Kivu: Mtoto aliyelelewa juu ya saruji atarudi kijijini namna gani?

Tangu vita viingie katika mji wa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, watoto wengi wa Kivu wametengana na wazazi wao. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma, zikiwemo Bulengo na Lushagala, zilivunjwa katika muda huohuo. Jamaa zikatawanyika kuelekea Masisi, Rutshuru na kwingineko. Katika mtawanyiko huo, wako watoto waliobaki kwa majirani, kwenye parokia, barabarani pamoja na maibobo, au katika makao ya watoto ambayo tayari yalikuwa yamejaa.

Kila mara mazungumzo juu ya makao hayo yanapoanza, swali la kwanza ni vitanda vingapi. La pili ni ukuta utafika mita ngapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mtoto ataamka aone nini, atakanyaga nini, atapanda nini. Maswali hayo huonekana kama ya watu walioshiba. Miti itasubiri, watoto kwanza walale.

Lakini katika jimbo kama Kivu ya Kaskazini au Kivu ya Kusini, hesabu hiyo ina kasoro. Sehemu kubwa ya watoto hawa wametoka kwenye jamaa za wakulima, na ndiko wanakotakiwa kurudi. Makao yanayowakata kabisa na udongo yanawalisha leo na kuwafungia njia ya kesho. Ndiyo maana bustani, kivuli cha mti na nyumba iliyo wazi kwa mwanga ni sehemu ya malezi yenyewe, sawa na chakula na dawa.

Makao ni njia ya mwisho

Jambo moja linapaswa kuwekwa wazi kabla ya kuzungumzia majengo. Hakuna jengo, hata lenye bustani nzuri kuliko zote, linalochukua nafasi ya jamaa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema hivyo. Mtoto atafutiwe kwanza wazazi au ndugu zake, kisha jamaa ya kumpokea, na makao yaje mwisho, tena yawe madogo na yafanane na nyumba ya kawaida. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, miongozo hiyo inataka walelewe ndani ya jamaa.

Mwaka huohuo, tarehe 10 mwezi wa kwanza, Congo ilitangaza sheria nambari 09/001 juu ya ulinzi wa mtoto. Sheria hiyo inatambua watoto walio katika hali ngumu kuwa wana haki ya ulinzi wa pekee, inaanzisha mahakama za watoto, na inaadhibu wanaomshutumu mtoto kuwa mchawi. Kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha, mashariki mwa Congo inajua njia mbili: vituo vya mpito vinavyojulikana kwa jina la CTO, na jamaa za kupokea kwa muda, yaani FAT. Zote mbili zina lengo moja, mtoto asikae sana, arudi kwao.

Kwa hiyo sheria ipo na njia zipo, lakini majengo hayakufuata. Makao mengi bado yanajengwa kama shule ya bweni au kambi ya askari: chumba kirefu, vitanda viwili viwili vya kupandana, uwanja wa saruji, jiko moja kubwa nyuma ambako watoto hawaruhusiwi kuingia. Jengo la namna hiyo ni rahisi kusimamia, na ni rahisi kulionyesha kwa mfadhili. Ila linamfundisha mtoto kupanga mstari tu.

Utafiti unasema nini

Ushahidi mzito juu ya madhara ya makao makubwa ulitoka Romania. Kuanzia mwaka 2000, watafiti kutoka Marekani walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao sita ya mji wa Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwenye jamaa za kuwapokea, nusu walibaki katika malezi ya kawaida ya wakati ule. Waliopata jamaa walipiga hatua zaidi katika akili, katika lugha na katika uwezo wa kushikamana na mtu, hasa wale waliotoka makaoni kabla ya kufikisha miaka 2. Kilichokosekana makaoni ni mtu mmoja asiyebadilika, anayejua mtoto huyu analia namna gani na ananyamaza kwa nini.

Juu ya miti na majani, utafiti mkubwa ulichapishwa Denmark mwaka 2019. Ulitazama kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000. Waliokulia sehemu zenye majani machache zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya akili baadaye, hadi asilimia 55 zaidi, ikilinganishwa na waliokulia katikati ya kijani kingi. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuhesabu mali ya wazazi na maisha ya mjini. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mti peke yake unaponya. Na Denmark si Masisi. Lakini unatosha kuonyesha kwamba kijani kinachomzunguka mtoto hakifai kuhesabiwa kama pambo.

Tukiweka matokeo hayo mawili pamoja, mpangilio unajionyesha: mtu kwanza, kikundi kidogo cha pili, udongo na miti cha tatu. Anayeanza na miti akasahau mlezi amejenga bustani ya kupigia picha. Anayeleta mlezi mmoja kwa watoto hamsini, hata katikati ya msitu, hajabadilisha kitu.

Somo lililo karibu: Rumangabo

Kivu haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kanuni hiyo. Huko Rumangabo, wilayani Rutshuru, hifadhi ya Virunga ina kituo cha Senkwekwe, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya gorila wa milimani waliobaki yatima. Wawili wa kwanza waliojulikana sana, Ndakasi na Ndeze, waliokolewa mwaka 2007, wakati gorila kadhaa walipouawa ndani ya hifadhi.

Waliowapokea walijua kwamba gorila mchanga anaweza kufa kwa upweke hata akiwa na maziwa. Kwa hiyo walimpa mlezi wa kudumu, anayelala naye na kumbeba mgongoni. Waliwaweka pamoja wachache, si kundi kubwa la wageni. Na walizungushia uzio sehemu ya msitu ili wapande miti na kuchagua majani. Ndakasi alipokufa mwezi wa tisa 2021, alikufa mikononi mwa mlezi wake, André Bauma, aliyekuwa naye tangu utotoni.

Wakaaji wengi wa Kivu huuliza kwa uchungu kwa nini mnyama apate haya na mtoto asipate. Uchungu huo unaeleweka, ingawa kosa si la wale wanaolinda gorila. Kanuni tatu zinazofanya kazi Rumangabo, mlezi mmoja, kikundi kidogo na mazingira ya asili, ni zilezile ambazo miongozo ya dunia inamtakia mtoto wa binadamu, pamoja na jamaa ambayo hakuna kituo kinachoweza kumpa. Kwa gorila zilitekelezwa kwa sababu mtu aliuliza mapema yatima anahitaji nini ili aishi. Kwa watoto, mara nyingi kinachoulizwa ni wangapi wanaweza kulala chini ya bati moja.

Msitu si amani kwa kila mtoto

Hata hivyo, wazo la kumrudisha mtoto kwenye mazingira ya asili haliwezi kubebwa hivihivi kutoka Ulaya na kutuliwa Kivu. Kwa mtoto wa Copenhagen, msitu ni matembezi ya siku ya mapumziko. Kwa mtoto aliyetoroka kikundi cha silaha, "kuingia msituni" ni maneno yenye maana nyingine kabisa. Huko ndiko alikobeba mizigo, ndiko alikoona watu wakiuawa, ndiko msichana aliitwa mke wa mtu. Miti minene nyuma ya dirisha usiku inaweza kumwamsha na hofu.

Kwa hiyo makao ya Kivu yanahitaji bustani zaidi kuliko pori. Miti iwe michache, yenye shina refu, ili mtoto aone umbali na mlezi amwone mtoto. Njia ziwe wazi, bila kona za kujificha. Choo kiwe karibu na nyumba, na njia ya kwenda huko iwe na taa, kwa sababu hofu ya usiku na hatari ya kubakwa havimalizwi na maua. Mtoto asilazimishwe kwenda bustanini siku ya kwanza. Baraza pana yenye paa, ambako watu hukaa kuchambua maharagi mvua ikinyesha, ni mahali pazuri pa kuanzia: yuko nje na yuko nyumbani kwa wakati mmoja.

Ardhi ya Goma ina masharti yake

Goma yenyewe inaleta masharti ambayo hayapatikani katika vitabu vya wasanifu wa majengo. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, iliyoshuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Katika kata nyingi, ukichimba kidogo unakutana na jiwe. Kwa upande mmoja hilo ni faida, kwa kuwa jiwe la volkano ni zuri kwa ujenzi na mafundi wa mji wanalijua. Kwa upande mwingine, bustani haiwezi kuanza bila kuleta udongo kwa gari, au kulima ndani ya magunia. Bustani za magunia zinajulikana tayari, na zinafaa hata kwenye kiwanja kidogo kabisa.

Sharti la pili ni mazuku, hewa mbaya ya kaboni inayotoka ardhini, hasa magharibi mwa Goma kuelekea Sake. Hewa hiyo ni nzito, hulala kwenye mabonde na mashimo, na huwa ya hatari zaidi usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo inamfikia kabla ya mtu mzima. Kiwanja chenye bonde zuri la majani kinaweza kuwa mtego. Kabla ya kuweka uwanja wa kuchezea, wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, waulizwe, pamoja na wazee wa mahali, ambao mara nyingi wanajua mbuzi hufia wapi.

La tatu ni maji. Kukinga mvua kwenye mabati ni desturi nzuri, lakini moshi wa Nyiragongo unaweza kutia florini nyingi katika mvua inayonyesha karibu na mlima, na florini ikizidi huharibu meno na mifupa ya mtoto anayekua. Maji ya mvua yafae kunyweshea bustani, kufua na kusafishia nyumba, na ya kunywa yatafutwe kwingine na kupimwa. Na kwa kuwa kipindupindu hakijawahi kuuacha mji huu kwa muda mrefu, choo, jiko na bustani vipangwe tangu siku ya kwanza ili maji machafu yasikutane na mboga.

Jengo dogo linawezekana

Kuna watakaosema haya yote yanahitaji pesa ambazo hazipo, hasa baada ya Marekani kupunguza misaada yake mwanzoni mwa 2025. Mfano mmoja wa Asia unaonyesha vinginevyo. Katika kijiji cha Noh Bo, mpakani mwa Thailand na Myanmar, wanafunzi wa usanifu kutoka Norway walijenga mwaka 2008 na 2009 nyumba za kulala za watoto wa kabila la Karen, waliokimbia vita. Hawakujenga bweni. Walijenga vijumba sita kwa watoto 24, kwa mianzi na mbao, misingi ikimwagwa ndani ya matairi ya zamani. Paa zilipindwa ili hewa ipite na mvua ikusanywe. Kati ya vijumba wakaacha nafasi za kukaa, kucheza na kubembea. Vifaa vingi vilitoka palepale, na wakaaji walishiriki kazi.

Kivu ina jiwe la volkano, mbao, mianzi na mafundi. Haihitaji kunakili paa la Thailand, inahitaji kunakili hesabu yake: watoto wachache kwa kila nyumba, na nyumba kadhaa zinazotazama ua mmoja. Wazo la nyumba kadhaa, kila moja na mama mlezi wake, si geni hapa. Vijiji vya watoto vya SOS vilianza mwaka 1949 huko Imst, nchini Austria, kwa wazo hilohilo, na Bukavu ina kimoja tangu miaka mingi. Vijiji hivyo navyo vimekosolewa kwa kuwatenga watoto na majirani. Mafunzo ni kwamba nyumba za watoto zikae ndani ya mtaa, watoto wasome shule ya mtaa na kuteka maji pamoja na wengine.

Hata jiko lina maana. Jiko dogo katika kila nyumba linampa mtoto nafasi ya kuona sombe inavyotwangwa na bugali inavyosongwa, na kunusa chakula kabla hakijaiva. Kwa mtoto aliyelala njaa, kujua chakula kinatoka wapi ni usalama. Jiko lililoboreshwa linalokula makala kidogo lina faida ya pili, kwa sababu makala ya Goma kwa sehemu kubwa ni miti ya Virunga.

Jembe na njia ya kurudi

Hoja nzito kuliko zote ni ya siku mtoto anapotoka. Mjomba wake anapatikana Kitshanga au Bunyakiri, na anakubali kumpokea. Mtoto ana miaka 14, amekaa makaoni miaka minne juu ya saruji, akila kwa kengele. Hajui majira ya kupanda maharagi, hajui kutofautisha magugu na mche, hajawahi kubeba mavuno. Katika nyumba ambayo kila mkono unahesabiwa shambani, anageuka mzigo au kichekesho. Mara nyingi mtoto wa hivyo hutoroka, naye hurudi mjini, au hurudi kwenye bunduki, ambako hakuna anayemuuliza kama anajua kulima.

Makao yenye bustani yanaweza kuzuia hilo, tena kwa muda mfupi. Lengalenga huvunwa baada ya wiki chache, na maharagi mafupi huchukua karibu miezi mitatu. Mtoto wa CTO anaweza kupanda, kupalilia, kuvuna na kula alichopanda kabla hajaondoka, kisha akaenda na mbegu mfukoni. Anaporudi kwa mjomba akiwa na mbegu, ana kitu cha kuleta. Mti wa avoka hatauona ukizaa, lakini atakula wa yule aliyemtangulia, na wake utaliwa na atakayemfuata.

Hapa kuna mpaka wa kulindwa. Bustani ya kujifunza ikigeuka shamba la kulisha makao, au la kuuza, mtoto amekuwa kibarua. Kipimo ni rahisi: kazi iwe fupi, isiingilie shule, asiyeitaka asiadhibiwe, na kila mtoto awe na kipande kidogo ambacho mavuno yake anaamua yeye. Bustani isitumiwe kamwe kuwa adhabu, kwa sababu mtoto aliyelimishwa kwa kosa atalichukia jembe maisha yake yote.

Nani aulize

Majengo yatajengwa. Mashirika, makanisa, misikiti na Wakongomani walio Ulaya na Amerika wataendelea kuchanga, na nia yao ni njema. Lakini mfadhili hupenda kuona kitu kinachosimama, na bweni la vitanda mia moja huonekana zaidi pichani kuliko mama walezi kumi wanaolipwa kila mwezi kwa miaka mitano. Watoto hulipia upendeleo huo.

Divisheni ya mambo ya kijamii, viongozi wa mitaa na wote wanaotoa pesa wanaweza kuweka maswali machache kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Watoto wangapi watalala chini ya paa moja, na nani ataamka wakilia? Je, jamaa zao zimetafutwa? Je, udongo, hewa na maji ya kiwanja vimepimwa? Kila mtoto atakuwa na mahali pa kupanda? Shule yake iko nje ya ukuta au ndani? Baada ya miezi mingapi atakuwa amerudi nyumbani, na atarudi na ujuzi gani?

Mradi ambao hauna majibu usipewe ruhusa ya kupokea watoto, hata ukiwa na ramani iliyojaa miti. Mradi wenye majibu unaweza kuanza na nyumba mbili za mbao, magunia ishirini ya udongo na walezi wawili wasiobadilishwa kila mwezi. Vita vya Kivu vimekwisha kuwanyang'anya watoto hawa baba, mama na shamba. Shamba ni kitu ambacho makao yanaweza kuwasaidia wasikisahau, mpaka siku watakaporudishwa kwao.